Dawa Aliifikisha?

Ukifungua toleo namba 33 la The Amazing Spider-Man, humkuti shujaa akining'inia juu ya maghorofa ya New York. Unamkuta kijana amekandamizwa na mtambo wa chuma, ndani ya ngome iliyojengwa chini ya mto, na dari imeanza kuvuja. Kila tone linalodondoka linampunguzia muda. Mbele yake, sakafuni, kuna mkebe wa dawa. Hauko mbali. Mtu mwingine yeyote angeuokota kwa kupiga hatua chache na kuinama. Yeye haufikii.

Toleo hilo lina tarehe ya Februari 1966, na bei yake ilikuwa senti 12 za Marekani. Mpango wa hadithi na michoro ni kazi ya Steve Ditko; maneno yaliyomo kwenye viputo ni ya Stan Lee. Ni sehemu ya tatu na ya mwisho ya kisa kilichoanzia namba 31, na kwa miongo mingi wapenzi wa vibonzo wamelitaja miongoni mwa kazi bora kabisa za aina yake. Wachoraji waliokuja baadaye wamelirudia pozi lile la kijana anayesukuma chuma kwa mgongo mara nyingi kiasi kwamba hata asiyewahi kulishika toleo lenyewe huenda picha yake ameshaiona mahali. Sina ugomvi na sifa hizo. Ninachobishania ni kile wanachokisifia.

Kwanza tujue kilichompeleka chini ya mto.

Peter Parker, kijana aliyemo ndani ya vazi la buibui, ni yatima aliyelelewa na baba yake mkubwa Ben pamoja na mkewe, May. Ben aliuawa na mwizi ambaye Peter angeweza kumzuia siku chache kabla, akamwacha apite kwa kiburi tu. Hilo lilisimuliwa mwaka 1962, katika Amazing Fantasy namba 15, na hadithi zote zilizofuata zimesimama juu yake. Akabaki May. Katika namba 10 May aliugua, akahitaji kuongezewa damu, na Peter akajitolea yake. Ni jambo ambalo mtoto yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya bila kuulizwa mara mbili. Lakini damu ya Peter si kama ya watu wengine. Aliumwa na buibui aliyepitiwa na mionzi, na athari ya mionzi ile anatembea nayo mwilini. Matoleo zaidi ya 20 yakapita. Kisha May akaanguka, akalazwa, na madaktari wakakuta kwenye damu yake chembe za mionzi ambazo hawakuelewa zimetoka wapi. Peter alielewa palepale.

Hapa ndipo ninapomvulia Ditko kofia. Shujaa wa kawaida hupewa adui, akapigana naye, akashinda, mambo yakaisha. Huyu amepewa jambo gumu zaidi: alichokitoa kwa moyo mweupe kimegeuka sumu ndani ya mwili wa mtu aliyempa. Na hakukosea. Angelinyima damu, pengine May angekufa siku ileile. Hakuna mlango wa kurudi nyuma akachague upya. Tunazijua hali za namna hiyo, ingawa kwetu hazina mionzi. Baba anakopa apate ada ya mtoto, miaka inapita, mkopo uleule unawatoa wote ndani ya nyumba. Binti anapelekwa mjini kwa shangazi yake akasome shule nzuri, anarudi amesoma, na mama yake wanaongea kama wageni waliokutana stendi. Katika mambo hayo watu hupoteza muda mwingi wakitafuta nani alaumiwe. Peter anajilaumu kwa fremu kadhaa, kisha anabeba sampuli ya damu na kutoka.

Anampelekea Dk. Curt Connors, mwanasayansi mwenye mkono mmoja ambaye zamani alijigeuza mjusi wa kutisha kwa dawa yake mwenyewe, na Spider-Man ndiye aliyemsaidia akarudia utu wake. Wema hauozi. Connors anasema ipo dawa mpya, inaitwa ISO-36, inaweza kuagizwa kutoka upande wa pili wa Marekani. Ni ghali. Peter anavichukua vifaa vyake vya maabara, vitu pekee vya thamani alivyonavyo kijana wa sayansi, anavigeuza fedha. Dawa inatumwa, na kabla haijafika inaibwa na genge la bwana mmoja anayejiita Master Planner, ambaye kumbe ni Doctor Octopus, adui wa siku nyingi. Hayo yote ni namba 31 na 32. Vita, mbio, vipigo kwa kila mhuni wa mjini anayeweza kujua dawa iko wapi, mpaka ngome ya chini ya mto, mpaka chuma kinamwangukia.

Sasa kurasa 5 za mwanzo za namba 33. Nimezitazama sana, na ningependa yeyote anayechora au kuandika azitazame. Hakuna adui ndani yake. Octopus ameshakimbia. Kuna kijana, chuma, maji na mkebe. Ditko anaanza kwa kumbana Peter kwenye picha ndogo ndogo, zimesongamana, mwili umejikunja, kichwa kiko chini. Anajaribu, anashindwa. Anakata tamaa kidogo, tena bila kuficha. Nyuso za Ben na May zinamjia. Anajaribu tena. Picha zinaanza kutanuka polepole. Chuma kinapanda kiasi cha vidole, mgongo unanyooka kiasi cha vidole, na maji yanaendelea kudondoka bila kumngoja. Kisha unafunua ukurasa, na ukurasa wote ni picha moja: amesimama, mikono juu, chuma kimetupwa, maji yanamwagika pande zote. Mchoraji amekubania pumzi kwa kurasa kadhaa ndipo akakuachia. Lee mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kuachia sifa ziende kwa mwingine kirahisi, aliusifia sana uamuzi wa Ditko wa kukichukua kitendo ambacho wengi wangekimaliza kwa picha mbili akakifanya kiwe kurasa nzima.

Mimi nilikutana na toleo hili katika nakala ya baadaye sana: juzuu nene la rangi nyeusi na nyeupe, karatasi yake kama ya gazeti, lililokuwa kwenye rundo la vitabu vya mitumba kando ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Sisi wa rika langu tulilelewa na gazeti la vibonzo la Sani. Tulimjua Ndumilakuwili, tulimjua Lodi Lofa, tulimjua Kipepe, na tulicheka mpaka machozi. Hakuna hata mmoja wao ambaye ungemtegemea akunyanyulie ndoo ya maji, sembuse mtambo. Kwa hiyo nililinunua lile juzuu kama mtu anayenunua kitu cha ajabu, nikalitia kwenye mkoba, nikaenda nalo hospitali, kwa sababu usiku ule ilikuwa zamu yangu kulala na mama.

Aliyewahi kuuguza anajua usiku wa wodini ulivyo. Mgonjwa akishapitiwa na usingizi, wewe huna kazi ila kuwa pale. Unahesabu matone ya dripu. Unasikiliza viatu vya muuguzi koridoni. Nilikaa kwenye benchi chini ya taa, nikasoma namba 31, 32, 33 kwa mkupuo, na nilipofika kwenye ule ukurasa wa picha moja nilisisimka kama mtoto.

Alfajiri dada yangu mkubwa akafika, kama kawaida yake, na uji kwenye chupa ya chai na kikapu cha nguo safi. Alikuwa ameamka usiku, akapika, akapanda daladala mbili. Nikamwonyesha ukurasa. Nadhani nilitaka anione nami nimepata la kutia moyo. Aliuangalia huku anajifunga kanga vizuri kiunoni, akauliza, "Na dawa aliifikisha?"

Nikamwambia ndiyo, mbele huko anaifikisha.

"Ikamfaa mgonjwa?"

Nikasema ikamfaa. "Haya," akasema, akachukua cheti cha dawa juu ya kabati la mama, akatoka kwenda kuwahi foleni ya dirisha la dawa.

Toka siku ile silisomi toleo hili kama nilivyolisoma usiku ule. Dada hakuuliza chuma kilikuwa na uzito gani. Hakuuliza kijana alipata wapi nguvu. Aliuliza swali la mwenye mgonjwa, na ukilisoma toleo zima kwa swali hilo unagundua kwamba Ditko naye alikuwa analiuliza. Kuinua chuma kumekwisha kwenye ukurasa wa 5, na hadithi ina kurasa 20. Robo tatu ya hadithi iko nyuma ya ushindi.

Na ni robo tatu ya tabu. Chuma kimetoka lakini mguu umeumia. Maji yanavunja dari na kumsomba. Akijivuta kutoka kwenye mafuriko anakutana na wafuasi wa Octopus, wengi, wazima, wenye hasira, na yeye hana hata nguvu za kusimama. Anapigana karibu akiwa amefumba macho, akikataa tu kuanguka. Anafika kwa Connors. Hapo hawezi kumwambia daktari afanye haraka akampe May. Inabidi ijaribiwe kwanza kwenye sampuli, na Peter anasubiri. Dawa inakwenda hospitali. Anasubiri tena. Katikati ya kusubiri anakumbuka kuwa hana fedha, anakwenda kuuza picha za lile genge kwa J. Jonah Jameson, mwenye gazeti ambaye kila siku anamtukana Spider-Man. Huko anakutana na Betty Brant, msichana aliyempenda. Betty anauona uso ulivyovimba, anakumbuka kaka yake aliyekufa kwa mambo ya hatari, na anamkimbia. Anarudi hospitali. May atapona. Kijana anatoka, anakwenda zake, amechoka hata furaha yake ni ya mtu anayetafuta kitanda.

Hakuna aliyempigia makofi. Hospitalini hakuna anayejua kwamba kijana huyu mwembamba wa chuo ndiye aliyeileta ile dawa kwa mgongo wake. Kwao ni ndugu wa mgonjwa, mmoja kati ya wengi, na ndugu wa mgonjwa huambiwa asubiri nje.

Mwaka 2017 ilitoka filamu ya Spider-Man: Homecoming, ya mwongozaji Jon Watts, na ndani yake Tom Holland anaangukiwa na jengo. Analia kuomba msaada, kijana wa watu, hakuna anayemsikia. Anaiona sura yake kwenye dimbwi la maji, nusu uso wake, nusu kinyago. Anainua. Kila aliyelisoma toleo namba 33 aliitambua heshima ile papo hapo, na Holland aliiigiza vizuri. Sauti ya hofu yake inaingia mwilini. Ila angalia kilichoachwa. Hakuna mkebe sakafuni. Hakuna mgonjwa. Kijana wa filamu anainua ili ajithibitishie kwamba ni mtu hata bila vazi la kifahari alilonyang'anywa. Ni shabaha halali, hasa kwa umri wake. Lakini wameuchukua ule mgongo wakaiacha dawa, na hivyo ndivyo ushawishi wa kazi kubwa unavyosafiri mara nyingi: kinachoonekana vizuri kwenye bango ndicho kinachobebwa. Hata vijana wanaobandika picha ile kwenye simu zao na maneno ya kutia moyo wanabandika mgongo. Usikate tamaa, sukuma, utasimama. Kwa mwanamichezo sawa. Kwa anayeuguza, kusimama ni kitu cha saa moja asubuhi, kuna saa nyingine zimebaki.

Kuna jambo jingine dogo katika kisa hiki ambalo halikuniingia mpaka nilipomtazama dada. Namba 31 ndipo Peter anapoanza chuo kikuu, na ndipo Gwen Stacy na Harry Osborn wanapoingia katika hadithi kwa mara ya kwanza. Wanafunzi wenzake wanamsemesha, yeye anapita. Hawasikii. Akili yote iko hospitali. Wao wanakata shauri kwamba ana maringo, na kuanzia hapo wanamfanyia visa. Ditko hakuhitaji kulikuza. Picha chache tu, kijana anapita na macho yake yako mbali, nyuma yake watu wamekunja uso.

Pwani na bara, kutosalimia ni kosa ambalo kila mtu analiona na halisameheki upesi. Miezi ile dada aliacha kwenda kwenye kikoba chake cha mtaani. Akipita dukani hakai. Akiitwa shughulini anatuma mchango kwa mtoto. Nikaja kusikia kwa jirani, aliyenieleza kwa nia njema kabisa, kwamba wenzake wanasema siku hizi anajisikia, kisa ana ndugu mjini kati. Nilichukia, halafu nikafikiria ni watu wangapi nimewahi kuwahukumu hivyohivyo: fundi aliyekuwa hapokei simu, mwalimu aliyekuwa mkali ghafla, kijana wa dukani aliyerudisha chenji bila kunitazama. Dada nilipomwambia alicheka. "Waache," akasema. "Wakija kunisuta watanikuta." Hakwenda kujieleza. Sijui kama ningeweza.

Nirudi kwa Ditko, maana namna toleo hili lilivyotengenezwa ni kisa kingine. Alizaliwa mwaka 1927 Johnstown, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma, na pengine ndiyo maana mitambo yake ina uzito wa kweli. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 yeye na Lee walikuwa hawaongei. Si kwamba walikuwa wanagombana. Walikuwa hawaongei kabisa. Ditko anatunga kisa peke yake, anachora, analeta kurasa ofisini, zinapita kwa Sol Brodsky, meneja wa uzalishaji, Lee anazipokea na kujaza maneno. Kurasa zile 5 za kuinua chuma zilitengenezwa na watu wawili ambao hawakusalimiana. Picha ni za mmoja, sauti ndani ya kichwa cha Peter ni ya mwingine, na huoni mshono. Matoleo 5 baadaye, namba 38, Ditko akaondoka. Mahojiano alikuwa hataki, na kwa miongo mingi hakubadilika. Alikuwa na studio yake Manhattan, akaendelea kuchora, akajichapishia vitabu vidogo vilivyosomwa na wachache. Mwaka 2007 mtangazaji wa Uingereza Jonathan Ross alimfuata mpaka mlangoni akiwa na kamera za BBC. Ditko akampokea kwa adabu, akazungumza naye, na kukataa kurekodiwa. Alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 90. Lee akamfuata Novemba ya mwaka huohuo, akiwa na 95.

Watu hupenda kuuliza nani kati yao alikuwa mwenye haki. Mimi, kwa kadiri ninavyosoma, naegemea upande wa mchoraji, lakini hilo si kubwa. Kinachonishangaza ni kwamba kazi ilitoka kila mwezi. Kila mwezi kurasa zilifika ofisini, maneno yakaandikwa, kiwanda kikachapa, mtoto wa Brooklyn akatoa senti 12. Ningependa kuamini kwamba kazi njema hutoka mahali penye upendo na maelewano. Toleo namba 33 linanikatalia.

Nyumbani kwetu tulikuwa na yetu. Kaka yetu na dada walikuwa hawasemezani tangu mambo ya kiwanja cha baba, na ugonjwa wa mama haukuwapatanisha. Wazee walijaribu, wakakaa kikao, chai ikanywewa, kila mmoja akaondoka kwa njia yake. Kaka alikuwa na kipato, dada alikuwa na muda na mikono, mama alihitaji vyote. Basi kaka akawa ananitumia mimi fedha kwa simu, hatumi kwa dada. Mimi nazituma kwa dada palepale, dada ananunua dawa, ananipa risiti, risiti naipiga picha namtumia kaka. Sol Brodsky wa familia. Mama alitoka wodini akaishi miaka mingine, na kwa kipindi chote kile tulilipa makato ya kutuma mara mbili kwa fedha zilezile, na hakuna aliyelalamika.